Santuri Isiyo ya Ratemo

Mara ya mwisho Thadeus Ratemo kupuliza pembe ya shaba sawasawa ilikuwa Nairobi, mwaka wa 1961, katika chumba kisicho na dirisha hata moja, kuta zake zimetundikwa mablanketi mazito ili kelele za magari zisiingie. Pembe yenyewe haikuwa ile ya ng'ombe ambayo kwao Tabaka, huko Kisii, watu walipuliza kuitana. Lilikuwa tarumbeta refu lililokunjwakunjwa likawa duara, mdomo wake mpana kama beseni, na mpulizaji aliingiza mkono wa kulia mle ndani ili kuilainisha sauti. Wanabendi wa jeshi waliliita pembe tu, na Ratemo naye aliliita hivyo mpaka uzeeni.

Alikuwa ameingia jeshini akiwa kijana mwenye mapafu ya mtu aliyekulia milimani, mtoto wa mchonga mawe. Mkubwa wa bendi alimsikia akipiga mluzi huku anafua shati, akamsimamisha, akamwambia arudie. Siku iliyofuata alitolewa kwenye gwaride la bunduki, akapewa pembe. Miaka yote ile ya hali ya hatari, wenzake walipokuwa misituni wakiwasaka wapigania uhuru, yeye alikuwa akipuliza kwenye sherehe za magavana na mazishi ya maofisa.

Nairobi wakati huo kulikuwa na chama cha Wazungu wapenda muziki wa kale. Walikuwa na okestra ndogo, watu wasiozidi wa kujaza chumba cha darasa, wengi wao wa fidla, na walikuwa wamejiandaa kurekodi koncheto ya pembe, yaani muziki uliotungwa ili pembe moja iseme na okestra iijibu. Mpuliza pembe wao, mwalimu wa shule, akaugua akarudishwa kwao. Mkubwa wa bendi akasema anaye mtu. Ndivyo Ratemo alivyojikuta amesimama katikati ya Wazungu, amevaa sare iliyopigwa pasi, huku Mgoa mmoja mwenye studio akisogeza maikrofoni mbele yake bila kumtazama usoni.

Walianza, na kwa muda Ratemo alisahau sare na Wazungu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mwendo wa kutembea. Ya pili ilikuwa ya polepole, pembe inaongea kama mtu anayezungumza na mgonjwa aliyemzoea, na fidla zinakaa chini yake bila kuisukuma. Hapo Ratemo alijua kwamba anapuliza vizuri kuliko alivyowahi kupuliza. Hakuna aliyemwambia. Aliona tu wapiga fidla wameacha kumwangalia kwa wasiwasi, wameinamisha vichwa, wanafanya kazi yao. Sehemu ya tatu ilikuwa ya mbio, na karibu na mwisho wake sauti moja ilimkatikia, ikatoka kama kikohozi cha ndama. Aliomba warudie. Kiongozi wa okestra, Mzungu mwembamba, akasema tepu imekaribia kwisha na kosa lile ni dogo, libaki. Akaongeza kwamba ile tepu itapelekwa Ulaya igeuzwe santuri, na kila mtu atapata yake.

Miezi michache baadaye lori la bendi liliteleza kwenye tope huko Molo, likalala ubavu. Wengine walitoka na michubuko. Ratemo alitoka bila meno ya mbele, juu na chini, na mdomo wa juu umepasuka mpaka puani. Hospitalini walimshona vizuri, akaweza kula na kusema. Lakini mpuliza pembe hupuliza kwa mdomo uliokazwa juu ya meno, na yeye hakuwa na meno ya kukazia, na mdomo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi upande mmoja. Jeshi lilimpa barua ya shukrani, likamwacha aende zake. Pembe ilikuwa mali ya jeshi, ikabaki.

Alirudi Tabaka, akakaa na baba yake, mzee Onchiri, kwenye machimbo ya mawe laini. Kutwa nzima walikata, wakachonga bakuli na viboko wadogo wa kuuzia watalii, vumbi jeupe limewakaa kwenye nyusi. Mzee hakumuuliza lolote kuhusu muziki. Kwake yeye, mwanawe alikuwa amepotea miaka mingi na sasa amerudi, basi. Ratemo alivumilia miezi kadhaa, halafu akasikia kwamba mashamba ya Wazungu kule Nyansiongo yanatafuta wakamuaji. Akaenda.

Shamba alilopata lilikuwa la Mzungu mmoja mzee aliyefiwa na mkewe, mtu asiyesema sana, mwenye ng'ombe wa maziwa na mahindi yaliyokwenda mpaka kwenye upeo wa kilima. Ilikuwa jioni ya wiki yake ya kwanza. Ratemo alikuwa amebeba ndoo ya maziwa kuelekea chumba cha mashine, akasikia kutoka dirisha la nyumba kubwa sauti ya pembe, na chini yake fidla. Ilikuwa koncheto ile ile. Aliitua ndoo. Kwa dakika nzima aliamini kwamba santuri yake imetoka, imefika Nyansiongo kabla ya kumfikia yeye. Ila alipotega sikio vizuri, akajua si yeye. Aliyekuwa akipuliza alivuta pumzi mahali pengine, na sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo, safi mno, kama kikombe kilichooshwa na kuoshwa tena.

Siku iliyofuata alimwambia yule mzee kwamba muziki ule aliwahi kuupuliza. Mzee akamtazama mdomo. Akamwambia apige mluzi kidogo amsikie. Ratemo alijaribu, hewa ikatoka tupu. Basi akauimba kwa kunguruma kooni, sehemu ya polepole, tangu mwanzo mpaka pale ambapo fidla huingia tena. Mzee alirudi ndani. Lakini tangu siku ile, wakati wa kukamua jioni, dirisha liliachwa wazi.

Uhuru ulipokuja, mashamba ya Nyansiongo yalikatwakatwa yakagawiwa wananchi. Ratemo naye alipata kipande, upande wa bondeni, pamoja na ng'ombe wawili. Siku ya kuondoka, yule Mzungu alipita kwake na gari lililojaa masanduku, akateremsha gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, kikopo cha sindano, na santuri mbili zenye koncheto ile, maana muziki ulikuwa mrefu na ulijaza pande zote nne. Alisema kule aendako ana nyingine. Wakashikana mikono, akaenda.

Ratemo alioa mwaka huo huo. Mkewe Esnah alikuwa Msabato kutoka Ogembo, mwanamke wa vitendo, aliyepanda chai ya kwanza ya boma lile kwa mikono yake. Muziki ule haukumsumbua, mradi usipigwe Jumamosi. Walipata binti, wakamwita Nyamusi. Jioni za siku nyingine, maziwa yakishapelekwa, Ratemo alitoa gramafoni nje kwenye kibaraza, akaizungusha, na majirani waliokuwa wakirudi kutoka mashambani walisimama kwenye ua wakasikiliza.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, na haukuanzishwa na yeye. Jirani yake Machogu, aliyekuwa amesikia kwamba Ratemo alipuliza pembe huko jeshini na kwamba alirekodiwa, aliwatangazia watu kwamba yule anayesikika ni Ratemo mwenyewe. Ratemo alikana. Alieleza mara nyingi kwamba huyu ni Mzungu wa Ulaya, na kwamba yake ilirekodiwa kweli lakini hajaiona. Watu walimtikisia kichwa. Machogu alisema huyo ndiye mtu asiyependa kujisifu. Mwishowe Ratemo alichoka kukana, akawa ananyamaza tu, na kila aliponyamaza alihisi kitu kimepungua ndani yake.

Mzee Onchiri alipofariki, Ratemo alimleta mama yake, Nyanchera, akae naye Nyansiongo. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, akawa haoni ila mwanga na kivuli. Yeye peke yake aliamini maneno ya mwanawe. Alikaa karibu na gramafoni akasikiliza, na muziki ulipokwisha akamuuliza ile yake ikoje. Ratemo akamweleza. Yangu ni nzito kidogo hapa. Hapa mimi sivuti pumzi, naenda moja kwa moja. Na kule mwisho nilikosea, sauti ilikatika kama kikohozi cha ndama, utaijua ukiisikia. Mama alicheka aliposikia habari ya ndama. Akasema angependa kumsikia huyo ndama kabla hajafa.

Maneno hayo yalimkaa Ratemo. Mwaka wa 1968, mahindi yalipokwisha kuvunwa, alifunga safari ya Nairobi.

Chama cha Wazungu hakikuwepo tena. Wengi walikuwa wameshahama, na yule kiongozi mwembamba alisemekana yuko Rhodesia, au amekufa. Lakini studio ilikuwepo, na Mgoa alikuwepo, amenenepa, nywele zimekuwa mvi. Mablanketi yalikuwa yameng'olewa, kuta zimebandikwa ubao wenye matundu. Sasa kazi yake ilikuwa matangazo ya biashara. Ratemo alijitambulisha. Mgoa hakumkumbuka sura, lakini aliikumbuka siku ile, akasema ndiyo, pembe, askari, akaonekana kufurahi. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko muda mrefu.

Alitoka na boksi la kadibodi mkononi. Juu yake maandishi ya zamani yalikuwa yamekatwa kwa kalamu na mapya kuandikwa pembeni. Akasema polepole kwamba ule muziki haukupelekwa Ulaya kamwe. Chama kilivunjika kabla, na hakuna aliyekuja kuuchukua. Na tepu, akasema, wakati ule zilikuwa za shida, kila iliyokaa bila mwenyewe ilifutwa ikatumiwa tena.

“Labda mwishoni kumebaki kidogo,” akasema. “Tangazo ni fupi, muziki ulikuwa mrefu. Kaa tusikie.”

Akaifunga kwenye mashine. Wakasikia mwanamke akisifu sabuni kwa Kiswahili cha pwani, halafu watoto wakiimba jina la sabuni, halafu mwanamke tena, akirudia maneno yale yale kwa namna nyingine, na nyingine. Mgoa aliiharakisha mbele, akasimamisha, akaiharakisha. Kila mahali ilikuwa sabuni. Baada ya sabuni ya mwisho kulikuwa na kimya chenye mchakacho, na walikisikiliza kile kimya mpaka ncha ya tepu ilipochomoka ikabaki inapigapiga kwenye gurudumu. Mgoa aliizima mashine, akamwomba msamaha. Ratemo akamwambia si kitu. Alimshukuru, akatoka, akatembea mpaka stendi ya basi bila kuona njia.

Alipofika nyumbani, alimkuta mama kitandani. Homa ilikuwa imempata katika siku zile chache, kifua kimejaa, na Esnah alikuwa akimpa uji kwa kijiko. Mama alimsikia mlangoni, akamwita, na swali lake la kwanza lilikuwa kama ameipata.

Ratemo alimtazama Esnah, naye akainamisha macho.

“Nimeipata, mama,” akasema.

Alitoa santuri za Mzungu, akaileta gramafoni ndani, akaiweka kwenye kigoda karibu na kitanda. Alipindua upande mmoja baada ya mwingine, na kila alipopindua alimwangalia mama. Alikuwa ametulia, mkono wake juu ya blanketi ukisogea kidogo na muziki. Sehemu ya polepole ilipita. Sehemu ya mbio ikaja. Mama aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, akageuza sikio, kama mtu anayengoja mgeni kwenye njia. Ratemo alijua anangoja nini, na hakuwa amefikiria hilo. Pembe ilikimbia mpaka mwisho bila kujikwaa, fidla zikafunga, sindano ikaanza kukwaruza.

Mama akalaza kichwa chake.

“Huyu hakosei, Ratemo,” akasema. “Huyu si wewe.”

Hakusema kwa hasira. Ratemo alitaka kumweleza habari ya sabuni na ile tepu tupu, lakini mama alikuwa ameshageukia ukutani, na pumzi zake zilikuwa nzito. Hakuuliza tena. Alifariki kabla ya mvua, na katika siku alizobakiza walizungumza juu ya ng'ombe na juu ya Nyamusi, na juu ya kaburi la mzee Onchiri kule Tabaka, kwamba lisiachwe likamezwa na magugu. Juu ya muziki hawakuzungumza.

Kwa muda mrefu gramafoni ilikaa chini ya kitanda. Chai ya Esnah ilikomaa, wakaajiri mchumaji, wakaezeka mabati. Ratemo alikuwa baba mwema na mfugaji hodari, na mtu asiyemjua angesema hana shida yoyote.

Kisha ikaja habari kwamba mjini Kisii kuna daktari anayetengeneza meno ya bandia. Esnah ndiye aliyemsukuma aende. Alimwambia ni kwa ajili ya kutafuna nyama, lakini wote wawili walijua. Meno yalipokuwa tayari, Ratemo alijitazama kwenye kioo cha daktari akaona uso wa kijana wa bendi, umezeeka. Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Kulikuwa na kanisa moja mjini lililokuwa na bendi ya matarumbeta, na mwenye kuitunza, mzee aliyeitwa Zachariah, alikuwa na pembe kuukuu isiyopulizwa na mtu kwa kukosa anayeiweza. Ratemo aliomba aijaribu. Zachariah alimfungulia chumba cha vyombo, akamfutia vumbi, akakaa kwenye benchi kumsikiliza.

Ratemo aliiinua. Uzito wake aliujua, baridi ya shaba aliijua, na mkono wa kulia uliingia wenyewe mahali pake. Akavuta pumzi, akakaza mdomo. Meno ya bandia yakasogea. Akayarudisha kwa ulimi, akajaribu tena. Upande mmoja wa mdomo ulishika, ule uliokufa ganzi ukavujisha hewa, na kilichotoka kilikuwa sauti ya maji yanayotoka kwenye mfereji ulioziba. Alijaribu kwa nguvu, alijaribu kwa upole, aliyatoa meno akajaribu bila. Alijaribu mpaka kovu likachanika likatoka damu. Zachariah, ambaye alikuwa mtu mpole, alisema labda akija kila wiki, pole pole, mdomo utazoea. Ratemo akafuta pembe kwa kitambaa, akaiweka kwenye kasha lake, akamwambia mdomo hautazoea. Alikuwa mwanabendi, alijua.

Jioni ile ile aliitoa gramafoni chini ya kitanda. Kama hawezi kupuliza, atasikiliza, na aliona hakuna ubaya. Lakini kikopo cha sindano kilikuwa kimebaki na chache, nazo zimeingia kutu. Maduka ya Kisii hayakuwa nazo tena. Wauzaji walimwonyesha redio na kaseti. Machogu akamfundisha kutumia miiba, iliyokatwa ikachongwa kwa wembe, na miiba ilifanya kazi kwa sauti ya chini, kama muziki unatoka nyumba ya jirani. Ila sindano zenye kutu zilikuwa zimeshakula mifereji ya santuri. Mwaka hata mwaka mchakacho ulipanda juu ya fidla. Halafu santuri moja, ile ya kwanza, ilianguka siku ya kupiga chokaa nyumba, ikavunjika vipande. Iliyobaki ilianzia katikati ya sehemu ya polepole. Ukiweka mwiba, pembe ilikuwa tayari inaongea, na hukujua imeanzia wapi.

Nyamusi alipokuwa amemaliza shule na kuolewa Nyamira, Ratemo na Esnah walibaki wawili. Ilikuwa mwaka wa 1986, msimu wa baridi, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Walikuwa wamekaa jikoni, Esnah anachambua maharagwe. Santuri ilikuwa haijapigwa miezi, kwa sababu haikuwa na kitu tena isipokuwa mchakacho. Esnah, ambaye kwa miaka yote hakuwa amemuuliza mumewe habari za muziki ule, alimuuliza siku hiyo.

“Baba Nyamusi, ile yako ya Nairobi, bado unaisikia kichwani?”

Ratemo alisukuma kuni mekoni. Alikuwa ameshajiuliza swali hilo mwenyewe, mara nyingi, zizini, njiani, kitandani.

“Naisikia,” akasema. “Lakini anayepuliza anavuta pumzi pale anapovuta yule Mzungu. Najaribu kuisikia yangu, inakuja ya kwake.”

Esnah aliacha kuchambua. “Tangu lini?”

“Sijui. Hata nilipokosea sipakumbuki tena. Najua nilikosea kwa sababu nilikuambieni.”

Esnah aliusogeza ungo kando. Alinyoosha mkono akamshika goti, akauacha pale kidogo, kisha akaurudisha kwenye ungo kwa sababu maharagwe yalitakiwa yaingie chunguni kabla moto haujazimika.

Wiki iliyofuata Machogu alikuja kuomba sanduku la kuwekea vifaranga, maana mwewe walikuwa wakiwamaliza. Ratemo alimpa gramafoni. Machogu alishangaa, akauliza kama ana hakika, akakumbusha kwamba hiki ndicho chombo chenye sauti yake. Ratemo hakumkatalia. Alimsaidia kufungua skrubu za juu na kuitoa mashine, kisha wakalibeba sanduku pamoja, mmoja kila upande, mpaka ng'ambo ya ua. Kulikuwa na matope, na ilibidi watazame wanapokanyaga. Alipomaliza alirudi kwake, akachukua ndoo, akaingia zizini. Ng'ombe walikuwa wakingoja kukamuliwa.